Samadi Mashimoni

Briallen alipigwa risasi uani, mbele ya mlango wa chumba cha kukamulia, kwa sababu mimba yake ilikuwa karibu kutimia na sheria ilikataza ng'ombe wa namna hiyo kupakiwa kwenye lori. Alianguka mara moja bila kutoa sauti. Ndama ndiye aliyekawia. Mererid, mwenye nyumba, alikuwa amepiga magoti kando ya tumbo kama alivyozoea kufanya wakati wa kuzalisha, mkono ameuweka ubavuni, akamsikia mtoto akisukuma, akisukuma tena, kisha akisukuma kidogo, kisha basi.

Alipoinuka hakulia. Mumewe, Dilwyn, alikuwa ameugeukia ukuta. Daktari wa ng'ombe, kijana aitwaye Tegid, aliikunja kofia yake mikononi akasema samahani. Mererid akamwambia asiombe samahani yeye, kwani siye aliyemwambukiza.

Katika mabonde yale ya Wales, siku ng'ombe wa mtu anapouawa kwa kifua kikuu, jirani huja kumshikia lango. Si kazi ya maana, maana lango lina komeo lake. Jirani anakuja ili mwenye msiba asiwe peke yake na watu wa serikali. Asubuhi ile walimsubiri Eleri, dada yake Dilwyn, aliyeolewa Pen-lan, shamba lililo juu yao mlimani. Walichelewesha chai kwa ajili yake. Mtu wa bunduki alitazama saa yake, akatazama tena. Mwishowe Dilwyn alilifunga lango kwa kipande cha kamba ya plastiki, na kazi ikafanyika.

Jikoni, Tegid alieleza yaliyobaki. Wengine waliovimba shingo pale walipochomwa sindano ya kupimia wangechukuliwa na lori wiki ile. Shamba lao la Blaen-nant limefungwa: asiuzwe hata ndama mmoja mpaka kundi lipimwe mara mbili, na mara zote mbili litoke safi.

"Akianguka mwingine kwenye kipimo, mimi naacha," Dilwyn alisema. "Nauza mashine za kukamulia kwa bei ya chuma chakavu, nakwenda kuendesha malori ya watu."

Alisema polepole, akikoroga chai. Mererid alimjua. Dilwyn akifoka, ni upepo unapita. Akisema polepole, limekwisha. Na wale hawakuwa ng'ombe tu. Baba yake Mererid alimpa mtamba mmoja siku ya harusi, na kundi lote la Blaen-nant lilikuwa limetoka kwenye tumbo la mtamba yule, mama kwa binti, mama kwa binti. Kila mmoja alimzalisha kwa mikono yake. Wakiondoka wale, asingebaki na kitu duniani ambacho angeweza kusema ni kazi yake.

Akamuuliza Tegid ugonjwa umetokea wapi. Tegid akasema huenda ni ng'ombe aliyenunuliwa mnadani, huenda ni pua kwa pua juu ya uzio, huenda ni nyegere, na pengine hawatajua kamwe. Mererid alisikia neno moja tu.

*

Nyegere wa kule si wale wala asali wa Afrika. Ni wanyama wanene wenye nyuso nyeupe zilizopigwa mistari miwili myeusi, wanaofukua minyoo malishoni usiku na kulala mchana kwenye mashimo. Blaen-nant walikuwa na mashimo yao chini ya ua wa miti, kwenye malisho ya juu, mpakani na msitu wa Bibi Hallam. Yalikuwepo tangu enzi za babu zake Dilwyn. Sheria iliwalinda: kumuua mmoja, au hata kuziba tundu lake, ni kesi. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Uingereza, wakulima walipewa vibali vya kuwapiga risasi. Wales hapana.

Bibi Hallam alikuwa mjane wa Kiingereza aliyehamia pale baada ya kustaafu ualimu. Kila jioni aliwawekea nyegere mkate uliopakwa jemu chini ya dirisha, akazima taa za sebuleni, akawatazama. Msimu uliopita alikuwa ameleta watu wa kujitolea wenye mitego, wakawakamata, wakawadunga chanjo, wakawaachia.

Baada ya msiba alikuja na kadi ya pole. Mererid aliipokea mlangoni na kuitazama. Ilikuwa na picha ya nyegere na mwanawe, wamelala kwenye majani.

"Sikuwa na nyingine nyumbani," Bibi Hallam alisema, uso ukimwiva. "Lakini nilitaka ujue, mpenzi, hawawezi kuwa hawa wetu. Hawa wetu wamechanjwa."

"Hawa wetu," Mererid akarudia.

"Ndiyo. Wana afya kabisa."

"Wangu mimi wameshaliwa na tanuri, Bibi Hallam. Asante kwa kadi."

Akafunga mlango taratibu. Kadi akaitia kwenye jiko la makaa, akakaa anatazama mistari ya uso ikijikunja.

Ya Eleri yalimchoma zaidi, kwa kuwa Eleri ni damu ya nyumba. Jumamosi iliyofuata Mererid alipika mkate wa zabibu kavu, ule wa chai wanaopika wanawake wa kule, akaupeleka Pen-lan, kwani walikuwa na zamu ya chai ya kanisani pamoja. Hakutaka kugombana. Alitaka wifi yake aseme tu kwa nini hakuja.

Eleri alimkuta langoni, na lango halikufunguliwa. Palikuwa na ndoo ya dawa na brashi ya mpini mrefu.

"Sugua viatu, wifi. Na magurudumu ya gari."

"Sikupita zizini. Nimetoka jikoni."

"Mimi nina ng'ombe safi wa kuangalia. Usione vibaya."

Mererid alisugua. Magari mawili ya majirani yalipita barabarani, yakipunguza mwendo ili watu waone vizuri. Alisugua kisigino, akasugua nyayo, na Eleri akamwonyesha kwa kidole mahali alipopasahau. Kisha akapokea ule mkate juu ya lango, akaushika kwa ncha za vidole, akasema zamu ya kanisani ameshampa mtu mwingine, kwa usalama. Kuhusu siku ya Briallen hakusema kitu. Mererid alipogeuza gari kule juu aliona kwenye kioo mkate wake ukirushwa kwenye banda la kuku, pamoja na karatasi iliyoufunga.

Aliteremka mlima akiendesha polepole sana. Alikuwa na kinyongo na wanawake wawili na hakuweza kumgusa yeyote: mmoja analindwa na undugu, mwingine na uzee. Lakini kulikuwa na wa tatu, wasio na mjomba wala shangazi, wamelala usingizi mnono ndani ya ardhi yake mwenyewe.

*

Alimwambia Dilwyn nia yake usiku ule. Dilwyn akaacha kula.

Akamkumbusha neno la marehemu baba yake, ambalo wakulima wengi wa kule walilishika: mashimo yaliyokaa miaka na ng'ombe safi usiyaguse. Nyegere wana mipaka kama watu. Wenye afya wakikaa pale, wagonjwa wa mbali hawapiti.

"Wale ni askari wa boma letu," alisema. "Hatuwapendi, lakini wanalinda."

"Walilinda nini? Nenda kamuulize Briallen."

"Mererid, ukigusa shimo lile, ni polisi."

Hakubishana naye. Alisubiri siku ya mnada. Dilwyn hakuwa na cha kuuza, ila bado alikwenda kila wiki, akasimama na wanaume wenzake kutazama ng'ombe wa watu wengine. Alipoondoka, mvua ilikuwa inanyesha, na tangi la kumwagia samadi lilikuwa limefungwa tayari nyuma ya trekta. Hakuna kitu cha kawaida kule kama tangi la samadi kupanda mlima wakati wa masika. Mererid alimpungia mkono mtu wa posta, na mtu wa posta akampungia.

Alilisogeza tangi kinyumenyume hadi kwenye ua wa miti, akateremka, akavuta bomba nene mpaka kwenye tundu la juu kabisa, akalisukuma ndani kwa mguu. Kisha akafungulia. Bomba lilitetemeka kama kitu chenye uhai. Mkojo na mavi ya ng'ombe wa Blaen-nant, majira mazima ya baridi, yalikwenda gizani yakigugumia. Alihamia tundu la pili. Alihamia la tatu, na sasa tope lilikuwa linatoka lenyewe kwenye matundu ya chini, likibeba nyasi kavu za matandiko.

Mnyama mmoja alijitokeza. Alikuwa ameloa mpaka masikioni, na mistari ya uso haikuonekana tena. Alipiga chafya, akasimama amepotea kwenye mwanga wa mchana asiouzoea, akamtazama mwanamke. Mererid angeweza kufunga bomba wakati ule. Aliliinua, akamwelekezea.

"Huyo wako wa jemu," alisema kwa sauti, ingawa Bibi Hallam hakuwepo kumsikia. "Na hii ni ya Briallen. Na ya ndama wake."

Mnyama akapenya chini ya ua na kupotea, akipanda mlima. Wengine walifuata au hawakufuata, hakungoja kuona. Aliliosha bomba, akalisuuza tangi, akarudi jikoni kumenya viazi vya mchuzi wa kondoo. Siku nyingi alikuwa hajala akashiba, na jioni ile alikula sahani mbili.

Dilwyn alijua kabla hajavua koti. Pua ya mkulima haidanganyiki kuhusu upande samadi inakotoka. Alikwenda juu na tochi, akarudi, akakaa kitini.

"Umefukuza walinzi," alisema polepole. "Umewaachia wagonjwa njia wazi."

Tangu usiku ule alihamia chumba cha nyuma.

*

Bibi Hallam alikuja baada ya siku chache, macho yamevimba. Wanyama hawaji tena kula. Je, Mererid ameona lolote?

"Labda wamechoka na jemu," Mererid alisema. "Jaribu samaki wa kopo."

Mjane alimtazama, akaelewa, akaondoka. Kesho yake akaja askari polisi, mwana wa mkulima wa bonde la pili. Alisimama kwenye malisho ya juu, akanusa, akasema shamba zima linanuka samadi, kama mashamba yote wilaya nzima. Ardhi ni ya Blaen-nant, na mvua imefuta njia za magurudumu. Aliandika mistari miwili, akanywa chai, akala keki. Akiaga alimkonyeza Mererid kidogo sana.

Kipimo cha kwanza kikatoka safi. Tegid alipitisha vidole shingo kwa shingo, Mererid akihesabu pumzi zake mwenyewe, na hapakuwa na uvimbe hata kwa mmoja. Cha pili pia, kikatoka safi. Blaen-nant ikafunguliwa. Dilwyn alirudi chumbani kwao, na Jumapili Mererid alivaa kofia yake ya bluu, akakaa kanisani benchi la mbele, mahali Eleri angemwona kisogo ibada nzima. Alikuwa mkarimu siku ile. Alimsalimu kila mtu. Alijiambia hao ndio watu: unapopigwa wanakusugulisha viatu, ukipiga wanakuheshimu.

Halafu Pen-lan ikaanguka.

Habari aliileta Tegid mwenyewe, amesimama uani na uso wa majivu. Karibu nusu ya kundi la Eleri lilikuwa limevimba shingo. Mererid alisema pole, na maneno yakatoka vizuri, lakini ndani yake kitu kilikaa chini na kunyoosha miguu. Tayari alikuwa akiichagua ndoo. Angeiweka langoni, pamoja na brashi, Eleri akija.

"Kuna jambo jingine," Tegid alisema. "Jirani wa mgonjwa hupimwa. Na nyinyi mnapakana. Mmefungwa tena tangu leo."

Akaeleza taratibu, akitazama buti zake. Ndani ya ghala la Pen-lan, kwenye pumba za ng'ombe, walimkuta nyegere amekufa, amekonda hadi mifupa, mapafu yameharibika. Manyoya yake yalikuwa magumu kwa samadi iliyokaukia hadi kwenye ngozi. Haikuwa na maana kwamba huyo ndiye aliyeleta, hakuna wa kuapa. Huenda alikuwa wa mashimo ya hapa, huenda ni mgeni aliyepita kwenye mashimo ya hapa baada ya wenyewe kutoweka. Wakivurugwa hukimbia mbali, hupigana, huchanganyika. Asubuhi ile yeye Tegid alipita malisho ya juu akaona udongo mpya umefukuliwa. Wapo wengine ndani sasa, hawajulikani wametoka wapi wala wana nini.

"Sikuulizi kitu," alimaliza. "Mimi ni daktari wa ng'ombe tu."

*

Eleri alikuja jioni hiyohiyo kwa miguu. Ndoo ilikuwa langoni. Hakungoja kuambiwa: alisugua kiatu cha kulia, akasugua cha kushoto, akarudia, akiwa anamtazama Mererid usoni muda wote, mpaka Mererid akaona aibu kusimama pale.

"Inatosha, wifi," alisema.

"Haitoshi. Nataka uone nilivyo msafi." Akaitupa brashi ndani ya ndoo. "Matangi ya samadi upande huu wa mlima ni mangapi?"

Mererid akaitazama ndoo.

"Nikuhesabie? La kwetu limeharibika tangu mwaka jana. Bibi Hallam hana. Limebaki lipi?"

Dilwyn alikuwa ametoka mlangoni, amesimama na taulo mkononi. Mererid akageuka kumtazama, amtetee, na mumewe akaikunja taulo mara mbili, akaingia ndani.

"Hukuja kunishikia lango," Mererid alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Ulirushia kuku mkate wangu."

"Sikuja. Niliogopa." Eleri alisema hivyo kavu, bila kuomba radhi. "Niliogopa ng'ombe wangu. Wewe je, ulikuwa unaogopa nini ulipopanda na tangi?"

Akasema polisi hatakwenda, kwa sababu Dilwyn ni kaka yake na jina la Blaen-nant ni jina la baba yake. Lakini wale walio mashimoni sasa wapo kati ya nyumba hizi mbili. Kuwaua hairuhusiwi, na wakifukuzwa watakuja wengine. Limebaki moja: wachanjwe, walio wazima wasije wakaugua, mpaka mashimo yashike wenyeji tena. Mwenye watu na mitego ni mmoja tu, na amekwisha kusema masharti yake.

"Umekwenda kwa Hallam?" Mererid aliuliza.

"Nimetoka kwake. Nimekunywa chai yake, nimemwambia kila kitu. Anasema hatatia mguu kwenye shamba lako mpaka umwombe wewe, kwa mdomo wako. Na chambo utaweka wewe kila siku, si watu wake."

"Na nisipokwenda?"

"Basi ngoja kipimo na mashimo yako yalivyo. Kaka yangu ameshakwambia atakachofanya akianguka mwingine." Eleri akafungua lango mwenyewe, akalishikilia wazi. "Tangulia."

Mererid alitangulia. Walipita msituni hadi kwa mjane. Bibi Hallam alifungua mlango, akasimama kizingitini na sweta yake ya kijivu, hakuwakaribisha ndani. Alisubiri. Mererid alisema aliyoyafanya, kwa maneno machache. Mjane akamwambia hasikii vizuri sikio la kushoto. Akasema tena kwa sauti. Akaambiwa aombe. Akaomba.

"Nilikuwa nawajua mmoja mmoja," Bibi Hallam alisema. "Sina la kukusamehe. Nakusaidia kwa ajili ya hao wageni, si kwa ajili yako." Akamkabidhi mfuko wa karanga na karatasi ya maelekezo yake marefu, yasiyo na lile neno lake la mpenzi hata mara moja.

Asubuhi yake mitego ya waya ilikuwa imepangwa kando ya ua, milango imezuiwa kwa kamba ikae wazi, ili wanyama wazoee kuingia na kutoka kabla ya siku yenyewe. Chambo kilitakiwa kufukiwa ndani kabisa, chini ya jiwe, na hapakuwa na njia ya kufikia pale ila kulala kifudifudi. Ardhi ilikuwa bado inanuka. Mererid alilala kwenye tope, mkono umeingia mtegoni mpaka begani, akichimba kwa vidole.

Eleri alikuwa amesimama juu yake, mikono mifukoni. Alikuwa amesema atakuja kila siku, kuhakikisha. Nyuma ya miti, dirishani, Bibi Hallam alikuwa anatazama pia.

"Wifi, huko ni juujuu," Eleri alisema. "Kunguru atazila. Chimba."

Mererid akachimba. Hakuwa amemsamehe yeyote, wala mjane, wala wifi, wala mnyama aliyekuwa anapumua mahali fulani chini ya tumbo lake, kwenye giza. Alijaza shimo karanga, akavuta jiwe, akalifunika vizuri, akajikokota kwa viwiko kwenda kwenye mtego wa pili.